Mji wa Karangsepi Nilioujulia Najma

Ninyi mnaokaa kwenye vibanda vya stesheni mkiwajazia watu fomu za mtandaoni, nipeni masikio kidogo, maana mmenichosha. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mmoja wenu hapa Tanga anisaidie fomu ya bima ya afya. Hakuniuliza nilizaliwa wapi. Alisikia lafudhi yangu, akabofya Tanga Mjini, akaendelea mbele huku anatafuna karanga. Nikamwambia mimi ni mzaliwa wa Pangani. Akanijibu, "Bibi, si kulekule tu?" Nusura nimrushie mkoba.

Nilijizuia, wala si kwa upole, maana upole huo sina. Nilijizuia kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mtu maneno ya namna hiyohiyo, na mtu yule alikuwa na haki ya kunirushia kitu kizito kuliko mkoba. Ndiyo habari ninayotaka kuwapa, na msiniambie hamna muda. Muda wa kuchati mnao.

Nilifika Doha kufanya kazi za ndani, kama wengi wetu. Baada ya mkataba wa pili nikapata kazi kwenye duka la taipu mtaa wa Najma, chumba chembamba kati ya fundi saa na muuza mabegi. Maduka hayo yalikuwa mengi siku hizo. Mtu analeta karatasi zake, unamwandikia maombi kwa Kiarabu au Kiingereza, anapeleka panapohusika. Aliyenifundisha kazi ni Ustadh Bashiri, Msudani mwenye miwani minene na subira ndogo kuliko yangu. Alinichukua kwa kuwa Kiarabu cha kusoma nilikuwa nacho tangu chuo cha Kurani, cha kusema nilikipata kwenye majiko ya watu, na wateja wanawake walikuwa wanaona haya kumtajia yeye mambo yao.

Wiki ya kwanza nilimwandika fundi bomba mmoja, mwanamume mwenye ndevu zake, kuwa ni mjane wa kike. Ustadh hakupiga kelele. Aliibandika ile fomu ukutani mbele ya meza yangu, ikakaa pale mpaka wino ukafifia. Kila mteja akiuliza ni ya nini, Ustadh anamjibu, "Hiyo ni cheti cha huyu bibi."

Alikuwa na masharti yake na mimi nawapa bure. Usimwache mtu atie sahihi kabla hajasomewa. Tazama tarehe ya mwisho ya pasipoti kabla hujatazama kitu kingine chochote. Nakala moja ibaki kwako. Na sharti kubwa kuliko yote: karatasi mpya inafuata karatasi ya zamani.

"Hata kama ya zamani imekosea?" nilimuuliza.

"Hata ikisema umezaliwa mwezini, andika mwezini," alisema. "Kurekebisha ni safari nyingine, na fomu nyingine."

Nilicheka siku ile. Nilidhani ni utani wa mzee.

Sasa, wateja wangu wengi walikuwa wanawake wa Kiindonesia waliofanya kazi majumbani. Mmoja alikuja, akaleta mwenzake, mwenzake akaleta binamu, na kumbe karibu wote walitoka mji mmoja, Karangsepi, kwenye vilima vya kisiwa cha Java. Mimi sijafika huko mpaka leo. Lakini niulizeni kuhusu mji ule nitawaambia, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa naandika jina lake mara nne kwa siku.

Ni mji mdogo wa kiutawala, makao makuu ya tarafa. Barabara ya lami ni moja. Inapanda kutoka bondeni, inapita katikati ya mashamba ya mpunga, inafika uwanja wa majani wenye mlingoti wa bendera, kisha inaonekana imechoka, inageuka vumbi. Upande wa magharibi wa uwanja kuna msikiti. Upande wa pili kuna ofisi ya tarafa yenye ukumbi wa wazi wa kuezekwa vigae, ambapo watu wanangoja wakiwa wamevua viatu. Kuna kituo cha polisi chenye polisi wawili, zahanati, tawi la benki, na duka la fotokopi lililokuwa na mashine ya faksi, na hiyo ndiyo faksi waliyoitumia hata watu wa tarafa. Watumishi wanavaa sare ya kaki mwanzo wa wiki na batiki mwishoni. Mchana mvua inanyesha, na mchuuzi wa supu ya mipira ya nyama anapita na toroli lake akigonga bakuli kwa kijiko.

Halafu kuna nyumba. Nyumba nzuri, za vigae vinavyong'aa, zimejengwa na wanawake walioko Doha, Jeddah na Hong Kong. Waliozijenga hawalali humo. Wanaolala humo ni bibi na wajukuu, na akina baba wanaosuka nywele za mabinti vibaya, kama walivyonisimulia wenyewe wakifa kwa kicheko.

Haya yote niliyachora kwenye daftari la mistari. Ijumaa wanawake wakija dukani walikuwa wanaligombea lile daftari. Huyu anasema fotokopi iko kushoto kwa polisi, yule anasema kulia, raba inafuta, penseli inachora, mpaka karatasi ikatoboka. Mimi nikawa najiona mwenyeji wa Karangsepi kuliko wao. Na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvimba.

Kitu kimoja tu cha mji ule kilinishinda kukizoea, nacho ni soko. Soko lao haliji kila wiki. Linakuja kila baada ya siku tano, kwa hesabu ya zamani ya watu wa Java ambao wana juma la siku tano linalotembea sambamba na hili letu la siku saba. Kwa hiyo likiangukia Jumatatu, linalofuata ni Jumamosi, kisha Alhamisi. Siku ya soko mji mzima uko sokoni asubuhi, na karani wa tarafa yuko huko pia ananunua pilipili. Hesabu hiyohiyo ndiyo wazee wanayotumia kupanga harusi. Wanachukua siku aliyozaliwa bwana na siku aliyozaliwa bibi, kwa juma la siku saba na kwa juma la siku tano, wanajumlisha, wanapata siku moja njema. Ikishapatikana, imepatikana. Huendi kuwaambia wazee wasogeze kidogo kwa sababu ndege imejaa.

Katika wanawake hao alikuwepo Wartini. Jina ni hilo moja, hana la baba wala la ukoo, na hilo peke yake lilitosha kunipandisha presha kila nikikutana na fomu yenye nafasi ya majina matatu. Alifanya kazi Al Wakrah kwa familia moja yenye watoto watano. Alikuwa mpole, mfupi, anacheka huku amefunika mdomo. Aliniita Ibu Hawa, na Ibu kwao ni mama. Tulizungumza kwa kile Kiarabu cha jikoni ambacho kila mtu kule anakielewa na hakuna anayekisema sawasawa.

Wartini alimwacha binti yake, Ningsih, akiwa na miaka minne. Bibi akamlea. Katika miaka yote ile Wartini alikuwa amerudi nyumbani mara mbili tu, na mara ya kwanza mtoto alimkimbia akajificha nyuma ya bibi. Siku moja akaja dukani uso unang'aa. Ningsih anaolewa. Wazee wamehesabu, siku imepatikana, ni baada ya wiki saba. Madam wake amekubali kumpa likizo na tiketi. Kilichobaki ni pasipoti, iliyokuwa karibu kwisha muda.

"Wiki saba?" nilimwambia. "Hiyo kazi ya wiki mbili. Kaa hapa."

Lazima mjue kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, wilaya yao ilikuwa imemegwa. Sisi tunalijua jambo hilo. Unalala kwenye wilaya moja, unaamka kwenye nyingine, na kitanda hakijasogea. Karangsepi ilichukuliwa kutoka wilaya mama ikapelekwa wilaya mpya. Barua zilizotoka kule zilikuwa na kichwa kipya, na mimi nilikwisha kufuta jina la zamani kwenye daftari langu nikaandika jipya kwa wino mwekundu. Basi nilipofika kwenye mahali pa kuzaliwa, nikaandika wilaya mpya. Sikumuuliza.

Wartini alikuwa anafuata kidole changu kwenye karatasi. Akasema taratibu, "Ibu, mimi nilizaliwa ile ya zamani. Hata kwenye pasipoti ni ile ya zamani."

Na mimi, Mwanahawa binti Athumani, mwenye cheti cha fundi bomba ukutani, nikamjibu, "Wewe umeondoka siku nyingi. Wilaya yenu imebadilika. Hiyo ya zamani haipo tena kwenu."

Akachukua kalamu. Alikuwa hajazoea kubisha, ndiyo kazi yake ilivyomfundisha. Akatia sahihi.

Fomu ikarudi baada ya siku kumi. Dirishani kwenye ubalozi wao walimweleza vizuri kabisa, na walikuwa na haki: pasipoti inasema mahali pamoja, maombi yanasema pengine, hawawezi kujua kama ni mtu mmoja. Alete barua ya tarafa ya kwao inayothibitisha kwamba mahali hapo pawili ni pamoja. Na kwa kuwa maombi yalikwisha kuingizwa, hayafutiki mpaka barua hiyo ifike.

Siku Wartini analeta habari hiyo, dukani alikuwepo Atieno, nesi wa Kikenya aliyekuwa anapita kwangu Ijumaa akielekea Mesaimeer kanisani. Alisikiliza yote, akanigeukia.

"Lakini Auntie, si alikushow?" akasema. "Alikuambia hapo kwa hiyo kiti. Me nilikuwa hapa, nilisikia na maskio yangu."

"Atieno, nenda kanisani."

"Naenda. But alikuambia."

Nilitamani nimfukuze. Ustadh Bashiri alikuwa pembeni anafuta miwani yake. Angenigombeza ningeona nafuu.

Basi tukaanza kuipigia simu Karangsepi. Wanangu, kama mnataka kujua hasira ni nini, jaribuni kupata barua ya ofisi ndogo iliyo bara jingine. Saa zao ziko mbele yetu kwa nne. Nikifungua duka saa mbili asubuhi, kule ni saa sita mchana na karani amekwenda kula. Ijumaa duka linajaa wateja hata simu haishikiki, Jumamosi na Jumapili wanapumzika wao, na Ijumaa yenyewe wanaondoka mapema kwenda msikitini. Zikabaki siku nne kwa wiki, na katika hizo nne, lile soko la siku tano linakuja kujichukulia yake. Mara tatu nilipiga siku ya soko. Nilikuwa na daftari lenye mji mzima, na sikuwa nimeandika humo siku za soko.

Karani aliitwa Pak Darno, yaani Bwana Darno, na kwa adabu hajatokea mtu kama yeye. Wartini, kila alipopata ruhusa ya kutoka, ndiye aliyekuwa anazungumza, mimi nimesogeza sikio kwenye simu.

"Barua ipo tayari?"

"Bado."

Neno lao la bado linatumika kama letu. Halina hapana ndani yake, wala ndiyo. Pak Darno hakuwahi kusema barua haiwezekani. Ilikuwa bado. Kwanza ilikuwa bado kwa sababu mkuu wa tarafa amekwenda semina ya wilaya mpya. Kisha ikawa bado kwa sababu mkuu amerudi, barua imeandikwa, imetiwa sahihi, lakini muhuri wa zamani umerudishwa wilaya mama na muhuri mpya haujaletwa.

"Watu wazima hao!" nilipiga meza. "Mnarudishaje muhuri kabla hamjapewa mwingine?"

Wartini aliniwekea mkono begani. "Ibu, usimkasirikie Pak Darno. Yeye ni mtu mzuri. Mke wake yuko Jeddah."

Wiki ya tano ikapita hivyo. Wiki ya sita Wartini akampigia mama yake, akamwomba awaulize wazee kama kuna siku nyingine njema. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Mama alizungumza muda mrefu kwa sauti ya chini, na Wartini anaitikia tu, anaitikia tu. Alipokata simu akaniambia siku njema inayofuata iko miezi minne mbele, na upande wa bwana wamekwisha alika watu wa vijiji vitatu. Kisha akasema mama yake amemuuliza ni nini hasa kimechelewesha pasipoti.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni muhuri."

Hakunitaja. Nawaambia kweli, niliumia kuliko kama angenitukana.

Muhuri ulifika Karangsepi siku nne kabla ya harusi. Pak Darno, Mungu amjalie, aliikimbiza barua kwenye fotokopi kwa miguu yake, na faksi ikaingia dukani kwetu ikiwa na mstari mweusi katikati na wilaya zote mbili zikisomeka vizuri. Lakini faksi ni ya kutazama tu, dirishani walitaka barua yenyewe. Barua yenyewe ilikuwa njiani.

Siku ya harusi madam alimruhusu aje dukani. Ilikuwa saa tatu asubuhi kwetu, saa saba mchana kwao. Ustadh Bashiri alitundika mlangoni kibao cha kufungwa, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya siku ya kazi, akatoka nje akasimama na fundi saa. Tukaweka simu juu ya meza, sauti ikafunguliwa. Kaka yake Wartini ndiye aliyekuwa ameshika ya kule. Tulisikia viti vya plastiki vikiburutwa, mvua juu ya vigae, watoto, mtu anapima kipaza sauti. Kisha akasikika bwana harusi anakubali nikaha, kwa pumzi moja kama wanavyotakiwa, na watu wote wakaitikia kuwa imeswihi.

Wartini alikuwa amevaa kanzu ya kijani aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Alikaa wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha. Nilimwomba msamaha pale pale, kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu kilikuwa hakitoshi. Akaitikia kwa kichwa bila kunitazama. Alikuwa anasikiliza sauti ya Ningsih, na Ningsih hakusema kitu kinachosikika.

Pasipoti ilitoka siku kumi na mbili baadaye. Ilikuwa nzuri, mpya, mahali pa kuzaliwa pameandikwa jina la zamani, kama alivyoniambia tangu mwanzo. Nilikuwa nimekwisha kumwandalia fomu ya likizo, nimeijaza yote, nikamsogezea.

Akaifunika kwa kiganja. "Si hii, Ibu. Niandikie ya mkataba. Miaka miwili."

"Wartini, tiketi ipo. Madam amesema bado anakupa."

"Nikamtazame nini? Amekwisha hamia kwa mume wake. Nikifika nitakaa sebuleni kwao kama mgeni." Alisema bila uchungu, kama anayenieleza bei ya mchele. "Nitakwenda akijifungua. Andika."

Basi nikachukua fomu ya mkataba. Safari hii niliuliza kila nafasi na sikuandika herufi mpaka amejibu. Jina? Akajibu. Mahali pa kuzaliwa? Akajibu, nikaandika. Hali ya ndoa, dini, kazi, mwajiri. Kwa kila mkataba tuliokwisha kuandika pamoja kulikuwa na nafasi moja ambayo sikuwa nahangaika kumuuliza, kwa sababu jibu lake lilikuwa lilelile miaka yote, moja. Nayo nikamuuliza.

"Watoto wanaokutegemea ni wangapi?"

Wartini aliweka kidole kwenye ile nafasi.

"Hakuna," akasema.

Nikaandika sifuri, nikamsomea, akatia sahihi.